Kujua si Kuweza: Kiswahili Kinavyoniokoa Ninapotafsiri Kifaransa

Juzi fundi wa nguo kutoka Kawangware aliniletea wasifu wake wa kazi, ukurasa mmoja, ulioandikwa kwa Kiingereza na kijana wa jirani. Alikuwa amesikia kuna mradi Goma unaotafuta mtu wa kufundisha ushonaji, na wenyewe wanataka karatasi za Kifaransa. Nikaanza kusoma kalamu mkononi. Neno "skills" lilikuwa humo mara nne, "ability" mara tano, na kila sentensi ya tatu ilianza na "able to".

"Mwalimu, mbona wakuna kichwa?" akaniuliza. "Si ni maneno matatu tu hayo yanarudiwa?"

Shida ndiyo hiyo, mama. Ni matatu kwa Kiingereza. Kwa Kifaransa yanatawanyika kama kuku waliofunguliwa asubuhi.

Watu wengi hapa Nairobi wanaofanya kazi yangu hutoka Kiingereza moja kwa moja hadi Kifaransa. Mimi nilishaacha. Nikifika kwenye neno la uwezo au ujuzi, kwanza napita Kiswahili, kwa sababu Kiswahili na Kifaransa hukata nyama hii karibu mahali pamoja, na Kiingereza huitupa yote sufuriani bila kuikata.

Tazama sentensi iliyokuwa mbele yangu: "I can sew school uniforms and I can travel." Nilimwomba mama aiseme kwa maneno yake. Akajibu bila kufikiri: "Najua kushona sare za shule, na naweza kusafiri wakati wowote." Hakuambiwa na mtu abadilishe kitenzi. Alibadilisha kwa sababu lugha inamtaka abadilishe. Kifaransa nacho: *je sais coudre*, kwa kuwa kushona amejifunza, *je peux voyager*, kwa kuwa hakuna kinachomzuia. *Savoir* ni kujua, *pouvoir* ni kuweza. Wanafunzi wangu wanaofikiri kwa Kiingereza huandika *je peux nager* wakimaanisha walifundishwa kuogelea, na Mfaransa anaelewa kwamba leo maji si baridi au daktari ameruhusu. Vivyo hivyo *je ne sais pas conduire* ni mtu ambaye hajawahi kushika usukani. *Je ne peux pas conduire* ni dereva aliyekunywa bia mbili. Mswahili hawezi kuchanganya hayo mawili akiwa macho.

Mfanano unaendelea hata mahali usipoutarajia. Mwingereza akiwa juu ya ghorofa mjini husema anaweza kuiona KICC. Sisi husema "naiona" basi, na Mfaransa husema *je la vois*. Kitenzi cha kuweza kinatoweka katika lugha zote mbili. Ni vivyo hivyo kwa kusikia.

Halafu kuna "could", ambalo ndilo huwamaliza watafsiri wachanga. Neno hilo moja laweza kuwa *je pouvais*, *j'ai pu* au *je pourrais*. Jiulize kwa Kiswahili: ni "nilikuwa naweza", ni "niliweza", au ni "ningeweza"? Ukishachagua kiambishi, Kifaransa kimejichagua chenyewe. Na ukikutana na *il a su convaincre le jury*, usiandike kwamba alijua kuwashawishi majaji. Hapo *savoir* limebeba ustadi: aliwashawishi, tena kwa werevu wake.

Sitaki mtu adhani Kiswahili ni dawa ya kila kitu. Neno letu "uwezo" ni kapu kubwa kuliko hata "ability". Tunasema uwezo wa ukumbi, uwezo wa akili, uwezo wa kisheria, na tunasema "mtu mwenye uwezo" tukimaanisha mwenye pesa. Niliwahi kuona ripoti ya ufadhili wa masomo ambamo watoto wa familia zisizo na uwezo waligeuka kuwa *enfants de familles sans capacité*. Maskini wazazi hao, wamenyimwa pesa na akili pia! Hapo panatakiwa *familles démunies*. Mwenyekiti wa bodi akitia saini kwa wadhifa wake, Kiingereza husema "in her capacity as", lakini Kifaransa hutaka *en sa qualité de*.

*Capacité* yenyewe hupatikana zaidi kwenye miradi. Tangu Umoja wa Mataifa ulipoamua mwaka wa 1972 kuanzisha shirika lake la mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri hapa Nairobi, mji huu umezoea lugha ya mikutano, na hakuna mkutano usiotaja "capacity building". Kwa Kifaransa ni *renforcement des capacités*, wingi, na tena si kujenga bali kuimarisha. Ndivyo ilivyoandikwa hata katika Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Napenda adabu iliyo ndani ya *renforcement*: inakubali kwamba yule anayefundishwa hakuja mikono mitupu. "Kuwajengea uwezo" ninaliandika nikilazimishwa na mteja.

*Compétence* ni hadithi nyingine, na mzazi yeyote wa Kenya ana pa kuanzia. Mtaala ulioanza kwa majaribio mwaka wa 2017 tuliupa jina la mtaala wa umilisi, na Wafaransa wana *approche par compétences*. Wanaisimu wetu walikuwa wamelizoea neno hilo zamani: mwanaisimu Mmarekani Chomsky alipotenganisha mwaka wa 1965 kuijua lugha na kuitumia, sisi tuliita umilisi na utendi, Wafaransa wakaita *compétence* na *performance*. Kwa wasifu wa kazi, kichwa cha "Skills" ni *Compétences*, wingi, usihangaike. Lakini ingia kwenye mkataba na neno hilo hilo linavaa joho. *Le tribunal compétent* si mahakama hodari. Ni mahakama yenye mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo, na *incompétent* akisemwa hakimu hapo, hajatukanwa. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022 mikataba ya namna hii inanifikia mara nyingi zaidi, na bado naona watu wakiteleza palepale.

Mimi mwenyewe niliteleza kwingine. Nilitafsiri ripoti kuhusu wanawake wanaosuka vyondo, nikataka kusifu wepesi wa mikono yao. Neno ni *habileté*. Nikaandika *habilité*, herufi moja tu. Msomaji mmoja wa Bujumbura akanipigia simu akicheka: "Dada, umewapa hawa akina mama idhini ya kisheria ya kusuka vikapu." *Habilité* ni ya mawakili, mtu aliye *habilité à signer* ameruhusiwa kutia saini, hata kama mwandiko wake ni wa kuku. Tangu siku hiyo herufi hiyo naikagua kwa kidole. Ukiona *habiletés* kwa wingi kwenye vitabu vya shule, angalia kitabu kimetoka wapi: Quebec, kule Kanada, hulitumia neno hilo sana kwa stadi za mwanafunzi, Ufaransa wangeandika *compétences*.

*Aptitude* ina harufu ya hospitali: ukiwa *apte*, daktari amekupima akakuona unafaa kazi. *Don* ni kipawa, wala halina fumbo.

Turudi kwa fundi wetu. "Skilled tailor" nilitaka kuliandika *couturière qualifiée*, lakini *qualifiée* huuliza cheti. Nikamwuliza. Akatoa kwenye mkoba karatasi ya plastiki iliyopasuka kona: mtihani wa ufundi, gredi ya tatu. Basi *qualifiée* ikakaa. Mashine ya ovaloki ikawa *sait utiliser une surjeteuse*. "Good hand skills" ikawa *grande habileté manuelle*, na *e* yake nikaitazama mara mbili.

Ukabaki mstari wa mwisho, "ability to work under pressure", ambao kila wasifu Nairobi unao. Nikamwuliza maana yake hasa ni nini kwake.

"Ni wiki ya kufungua shule," akasema. "Sare hamsini, wazazi wamesimama mlangoni, na stima imepotea."

Hapo *capacité* haikuwa na kazi. Niliandika *habituée aux délais très courts*, nikamweleza kwamba inasema amezoea kupewa muda mfupi mno. Akatikisa kichwa, akahesabu noti, kisha akataka nimwambie kama huko Goma nako stima hupotea.