Apskelingi haigeuzi DVD kuwa HD

Wauza deki za mtumba wana sentensi wanayoipenda: "Hii siyo DVD ya kawaida bosi, hii inatoa HD kamili." Kisha wanaigeuza deki wakuonyeshe tundu la HDMI, na mbele kuna kibandiko cha 1080p. Wanachokizungumzia ni apskelingi, na karibu kila mara wanakipa sifa zisizo zake. (Diski iliyoitwa HD DVD iliwahi kuwepo kweli. Ilikuwa ya Toshiba, ilitoka 2006 na kuachwa Februari 2008. Hiyo ni hadithi nyingine.)

Apskelingi ni kukuza picha: deki inachukua picha yenye pikseli chache na kuitanua hadi ienee kwenye kioo chenye pikseli nyingi. Basi. DVD ya PAL, mfumo wa video wa Ulaya na Afrika Mashariki, ina pikseli (vidoti vinavyounda picha) 720 kwa 576, yaani 414,720. Kioo cha 1080p kina 2,073,600, mara tano kamili. Ina maana katika kila pikseli tano unazotazama, angalau nne zimekisiwa na chipu kwa kuangalia zilizo jirani. Kope ya mwigizaji ambayo haikurekodiwa kwenye diski haitazaliwa ndani ya deki. Tena TV bapa yoyote hufanya kazi hiyohiyo yenyewe, la sivyo ungeona picha ndogo katikati ya kioo.

Kinachonikera ni kwamba apskelingi imepora sifa za kazi nyingine, ngumu zaidi, inayofanyika kabla yake. Video ya DVD kwa kawaida hutolewa kwa nusu-picha: kwanza mistari ya witiri, halafu ya shufwa, nusu 50 kwa sekunde kwenye PAL na karibu 60 kwenye NTSC ya Marekani na Japani. Kabla ya kukuza chochote, lazima mtu aziunganishe nusu hizo. Kwa filamu iliyowekwa kwenye PAL kazi ni nyepesi, kwa sababu nusu zote mbili zimetoka kwenye picha moja. Filamu ya picha 24 huharakishwa tu hadi 25, ndiyo maana sinema ya saa mbili huisha karibu dakika tano mapema. NTSC ndiyo kasheshe. Picha moja ya filamu hupewa nusu tatu, inayofuata mbili, kisha tatu tena, na chipu lazima iutambue mpangilio huo na kuufumua. Ikikosea, ukingo wa gari linalopita unaota meno kama kitana. Ukikuza picha yenye meno unapata meno makubwa zaidi.

Na hapo ndipo deki za bei ghali zilipoumbuka. Mwaka 2001 Don Munsil na Stacey Spears, waandishi wa jarida la Marekani Secrets of Home Theater and High Fidelity, walieleza kwa kina kasoro waliyoiita "chroma bug", yaani hitilafu ya rangi. DVD huhifadhi rangi kwa nusu ya pikseli inazotumia kwa mwangaza, kwa upana na kwa urefu, na namna ya kuirudisha hutofautiana kulingana na kama picha ni nzima au ya nusu-nusu. Chipu nyingi zilitumia njia ya nusu-nusu kwa kila kitu. Matokeo: michirizi ya mlalo kwenye kingo za rangi iliyokolea, nyekundu hasa. Gauni jekundu, maandishi mekundu ya utangulizi, vyote vinakuwa na ngazi. Na kasoro hiyo haikujali bei.

Je, deki yenye kasoro hiyo ni mbovu? Mimi hupima kwa mara ngapi itanisumbua. Deki inayokwama kidogo pale leza inapohama kutoka tabaka moja la data kwenda la pili, kwenye diski ya GB 8.5, inanikwaza mara moja kwa sinema nzima, namsamehe aliyeiunda. Michirizi ya rangi inarudi kila nyekundu inapotokea, na ukishaiona mara moja jicho haliachi kuitafuta. Hiyo siilipii hela nyingi, hata kama kila kitu kingine ni safi.

Sauti ina hesabu yake. Ukichomeka waya wa optiki kwenda kwenye ampulifaya, Dolby Digital, yaani sauti ya sinema iliyobanwa, inatoka kwenye diski na kupita vilevile ilivyo. Kuifungua ni kazi ya ampulifaya. Saketi za sauti za gharama ndani ya deki ya kifahari zinafanya kazi pale unapotumia waya za analogi, kama ilivyokuwa lazima kwa SACD na DVD-Audio, diski za muziki wa ubora wa juu, kwenye deki nyingi za mwanzo. Kama huna diski hizo, umelipia chuma kizito kisichokuhusu.

Kwa hiyo muuzaji akisema deki yake ina apskelingi, mkubalie, inayo. Mwombe tu aweke sinema ya NTSC yenye mtu aliyevaa nyekundu, aipeleke kwenye mahali ambapo kamera inatembea, kisha aibadilishe deki kutoka 480p (picha ya NTSC isiyokuzwa) kwenda 1080p huku wote mkitazama kama meno na michirizi ya kingo za nguo inaondoka.