Mwalimu wa Kiingereza hakutuambia yote

“I am writing this letter to kindly request for your esteemed office to assist me in the provision of information pertaining to the scholarship.” Sentensi za namna hii hunifikia mara kwa mara, maana ndugu na marafiki wakishaandika barua ya Kiingereza hunirushia WhatsApp: “Hebu ipitie kidogo.” Naipitia. Ikirudi kwa mwenyewe imebaki hivi: “Please send me information about the scholarship.” Maneno 24 yamekuwa 7, na mwenyewe huwa hafurahi. Anaona nimeivua nguo barua yake.

Tunadhani Kiingereza kizuri lazima kiwe kizito: “utilize” badala ya “use”, “commence” badala ya “start”. Msomaji wa ofisini mwenye barua mia mezani hashangazwi na uzito huo, unamchosha tu. Mwandishi George Orwell aliwakanya Waingereza wenyewe katika makala ya mwaka 1946: neno fupi likitosha, refu la nini?

Wengine wanaamini tatizo letu kubwa ni nyakati za vitenzi. Hizo mtu hukaririshwa miaka mingi darasani na mwishowe zinaingia. Kinachobaki hadi uzeeni ni Kiswahili kinachosema chini kwa chini wakati mkono unaandika Kiingereza. Kwetu anayetoa anaazima na anayepokea anaazima, ndiyo maana tunaandika “Borrow me your laptop”. Mwenye laptop ndiye a-“lend”, wewe ndiye u-“borrow”. Tunazungumza kuhusu jambo, basi tunaandika “discuss about”. Kitenzi hicho hakihitaji “about”, kama “request” ilivyo haihitaji “for”. Harufu tunaisikia, kwa hiyo kuna aliyeandika “I heard a bad smell”. “Yeye” haijali mwanamke wala mwanamume, na mama wa watu anageuka “he” katikati ya aya.

Halafu kuna “a” na “the”, ambazo husemwa kwamba Kiswahili hakina kitu cha kufanana nazo. Si kweli kabisa. Linganisha “nimeona gari” na “nimeliona gari”. Hiyo “li” humdokezea msikilizaji kwamba gari analijua, ni lile lile la juzi. Ya kwanza ni “I saw a car”, ya pili ni “I saw the car”. Hailingani kila mahali, lakini ukikwama jiulize kama kwa Kiswahili ungeiweka ile “li”. Mimi hila hii ilinisaidia kuliko kurasa nyingi za sarufi. Na wanaoona Kiswahili ni mzigo kwa mwandishi wa Kiingereza wamkumbuke Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepewa Nobel ya fasihi mwaka 2021 kwa vitabu alivyoandika kwa Kiingereza.

Kuna na makatazo ya darasani. Usianze sentensi kwa “And” wala “But”? Fungua Mwanzo, sura ya kwanza, katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, uhesabu aya zinazoanza na “And”. Usimalizie sentensi kwa kihusishi kama “with” au “to”? Mshairi John Dryden alimlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa hilo mwaka 1672, kisha akairudia insha yake mwenyewe ya zamani akaviondoa vihusishi vya mwishoni. Lawama nyingi kaangushiwa kasisi Robert Lowth na sarufi yake ya mwaka 1762, naye alisema kwamba huo ni mtindo “which our language is strongly inclined to”. Itazame hiyo “to” ilipokaa! Kwenye barua rasmi mimi hupunguza, ila sikatai.

“Color” ya Wamarekani au “colour” ya Waingereza, chagua moja ukae nayo hadi mwisho. Na “organize” yenye z si ya Wamarekani peke yao. Kamusi za Oxford huiandika hivyo hivyo.

Dhana inayotugharimu zaidi ni ile ya “nimeshapitisha kwenye kompyuta”. Kompyuta inaweza kupigia mstari mwekundu neno lisilokuwepo, lakini “manger” lipo. Ni hori la kulishia ng’ombe. Kwa hiyo “Dear Manger” inaweza kupita salama hadi mezani kwa meneja. “Form” badala ya “from” nayo hupita vivyo hivyo. Programu mpya hunasa mengi ya haya, lakini hazijui ulikusudia kusema nini.

Kuhariri hakuanzii kwenye koma. Kwanza barua ilale usiku mmoja. Asubuhi tafuta ombi lako liko sentensi ya ngapi. Mara nyingi liko ya tano, chini ya salamu na shukrani, nawe ulivute juu. Kisha futa kila neno ambalo likitoka hakuna kinachopungua. Kisha soma kwa sauti, na pumzi ikikatika njiani, weka nukta hapo. Tahajia na koma zije baada ya hapo, kwa sababu hakuna haja ya kunyoosha koma za aya utakayoifuta. Mwisho kabisa hakiki jina la unayemwandikia, herufi kwa herufi.