Wati 12,000 hazipiti kwenye plagi ya ukutani

Jumamosi iliyopita mwalimu mmoja mstaafu alishuka kwenye bajaji mbele ya kibanda changu hapa Mwanjelwa, Mbeya, boksi amelikumbatia kwa mikono miwili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaliweka boksi mezani.

"Fundi, hii sabufa ni wati elfu kumi na mbili. Nimeichukua juzi kwa laki nne na nusu. Lakini taarifa ya habari siisikii. Nikiongeza sauti, vikombe vinatetemeka kabatini, maneno hayaji."

Kabla ya kushika bisibisi nilimuuliza swali ninalowauliza wateja kila wiki: mwalimu, kwa nini ulichagua hii? Akanionyesha namba ya boksini. Dukani kulikuwa na nyingine ya wati 8,000, bei karibu sawa, akaona heri achukue yenye nguvu.

Namba hizo zimenichosha. Mteja simlaumu. Mtu aliyezoea kupima mahindi kwa debe anaamini kipimo ni kipimo. Lakini sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaijua lumbesa. Tumeona magunia ya viazi yakishonewa mlima juu huku yakihesabiwa gunia moja. Wati za boksini ni lumbesa iliyogeuzwa: mlima wote umechorwa kwenye karatasi, ndani kuna debe.

Anzia ukutani. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Plagi ya meno matatu ina fyuzi ya ampea 13, haizidi hapo. Zidisha: wati 2,990. Huo ndio mwisho wa soketi moja, hata ukichomeka nini. Birika la wati 2,000 peke yake linavuta karibu ampea 9, na ndiyo maana waya wake ni mnene. Sasa ushike waya wa sabufa yako. Mwembamba kama wa chaja ya simu, na mara nyingi plagi yake ina meno mawili tu. Wati elfu kumi na mbili zingepita wapi?

Nikaigeuza sabufa ya mwalimu. Nyuma, karibu na waya unapoingilia, kuna kibandiko cha fedha ambacho hakuna anayekisoma: 220-240V, 50Hz, 60W. Sitini.

Nikaifungua mbele yake, kwa idhini yake. Transfoma moja ya volti 12-0-12, inakaa kwenye kiganja. Kapasita mbili. Kipande cha alumini cha kupoza joto, na juu yake IC nne, vijidude vinavyokuza sauti, zimebanwa kwa skrubu, zote za aina ya TDA2030. Fundi yeyote wa redio anaijua hiyo IC: ikipewa volti 14 chanya na 14 hasi, kwenye spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) inatoa wati 14 kabla haijaanza kukoroma. Mbili zilikuwa za spika ndogo, mbili zimeunganishwa pamoja kusukuma besi. Hesabu unavyotaka, hutavuka 60. Mwalimu alikaa kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo niliuziwa wino."

Nikamwambia hapana, mwalimu, wati 60 za kweli zinatosha sebule yako. Hapo ndipo watu wengi hawanielewi.

Sikio halihesabu wati moja moja. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti unayoisikia ukitega sikio. Ili sauti ionekane imekuwa kubwa mara mbili unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo anayekataa amplifaya ya wati 50 akachukua ya 80 kwa sababu "inapiga zaidi" amelipia desibeli 2. Na hapo nazungumzia wati za kweli, zile zinazoandikwa RMS. Ukiona PMPO, ile namba kubwa ya boksini, hicho si kipimo. Hakuna kanuni inayokiongoza, kila kiwanda kinaandika kinachopenda.

Lakini kibandiko cha nyuma nacho kisikufanye mbishi dukani. Kanuni za usalama wa vifaa vya umeme huruhusu amplifaya kupimwa ikiwa inatoa sehemu moja ya nane tu ya nguvu yake, kwa kuwa muziki wa kawaida hauvuti nguvu zote muda wote. Ndiyo maana risiva nzuri kabisa, yaani amplifaya ya sinema ya nyumbani, inaweza kuandikwa wati 100 kwa kila chaneli, chaneli saba, na kibandiko kikasema 500. Si uongo. Kibandiko kinamfichua anayedanganya mara mia mbili. Kati ya wati 60 na 90 hakikusaidii kitu, na mimi mwenyewe hapo siwezi kuamua bila kupima kwa mita na spika.

Uzito nao ulikuwa kipimo chetu mafundi: inyanyue, ikiwa nzito transfoma yake ni kubwa. Siku hizi amplifaya za daraja D zenye pawasaplai ya kisasa ni nyepesi na zinapiga vizuri. Nimewahi kumwambia mteja aache moja kwa sababu ilikuwa nyepesi. Nilikosea, na nilimpigia simu kumwambia.

Sasa uchague nini? Spika kwanza. Spika mbili za mbele zichukue sehemu kubwa ya pesa yako. Tafuta namba iliyoandikwa dB, desibeli, yaani sauti inayotoka ukiipa wati 1 na kusimama mita 1 mbele yake. Spika ya 90 na spika ya 84 zinatofautiana desibeli 6, kwa hiyo ya pili inahitaji wati mara nne ili ifikie ya kwanza. Kwa wati 20 spika ya 90 inaishinda ya 84 yenye wati 70. Hakuna aliyewahi kuniuliza namba hiyo. Nasubiri siku hiyo.

Amplifaya ifuate spika, si spika kuifuata amplifaya. Kama nyuma yake imeandikwa omu 6 hadi 16, usiifunge spika ya omu 4 ukategemea bahati. Na spika ndogo huungua zaidi kwa amplifaya dhaifu iliyofunguliwa hadi mwisho, ikakoroma usiku kucha kwenye sherehe, kuliko kwa amplifaya kubwa yenye mtu mwenye akili kwenye rimoti.

Besi, ndiyo, mwishoni. Najua hapa mjini mtu anaita mfumo mzima "sabufa", na anapima ubora kwa jirani kulalamika. Lakini turudi kwenye tatizo la mwalimu. Sauti ya mwanamume inaanzia kama hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde. Spika zake ndogo zina koni ya inchi 3, huko chini haziwezi, kwa hiyo sabufa ndiyo inayosema sehemu ya maneno, ikiwa sakafuni, kwenye kona, nyuma ya kochi. Kona inaongeza besi. Konsonanti, ambazo ndizo zinazotenganisha "paka" na "taka", ziko juu huko kwenye hezi elfu mbili hadi nne, na zinatoka kwenye vispika vilivyotundikwa karibu na dari vikiangalia pazia. Mtangazaji amekatwa vipande viwili. Ukiongeza sauti, unaongeza kile kipande kinachotetemesha vikombe kabatini.

Halafu zile spika tano. Mteja anasema anataka "sinema kamili". Vizuri, lakini sauti ya chaneli tano na besi yake inatakiwa itoke kwenye filamu yenyewe. Wimbo wa blutuuthi ni chaneli mbili. Video nyingi za mtandaoni, mbili. Mashine za bei hiyo huchukua mbili hizo na kuzinakili kwenye spika zote, matokeo yake msomaji wa habari anaongea mbele yako na mgongoni kwako kwa wakati mmoja. Kama unazo filamu zenye chaneli tano kweli, nunua risiva inayozisoma, unganisha kwa HDMI, na hakikisha ipo spika ya kati, chini au juu ya televisheni, maana humo ndimo yamewekwa maneno mengi ya waigizaji. Kama huna, spika mbili nzuri zinazikidhi jioni zako zote.

Tulienda nyumbani kwake Uyole. Sebule ya mita 5 kwa 4, tailizi, kuta za saruji, kochi limebanwa ukutani. Ukigawa mwendo wa sauti, mita kama 340 kwa sekunde, kwa urefu wa chumba mara mbili, unapata hezi 34. Kwa upana, 42. Noti hizo za besi zinajaa kwenye kuta, na mwalimu amekaa ukutani kabisa. Nikavuta kochi mbele hatua moja. Nikaweka sabufa juu ya kochi, mahali pa kichwa chake, nikawasha wimbo wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, nikazunguka chumba nimeinama kando ya kuta nikisikiliza ni wapi kila noti inasikika sawa. Ilikuwa pembeni ya mlango wa ukumbi. Mahali hapo nikaiweka.

Kazi hii nimeifanya miaka mingi na bado siwezi kutazama chumba nikasema sabufa ikae pale. Nimefunga nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja, moja ilikubali kona, nyingine ilikataa kila mahali isipokuwa chini ya dirisha. Hesabu inanipa pa kuanzia tu.

Vispika viwili vya mbele tulivishusha hadi usawa wa masikio, vya nyuma tukavichomoa, besi tukaipunguza robo tatu. Mke wake akaleta kapeti kutoka chumbani bila kuambiwa. Tukawasha taarifa ya habari. Mwalimu alikaa, mikono magotini, hadi habari za mwisho, kisha akaniambia kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," asante sana.

Ngurumo zikianza, chomoa plagi na waya wa ungo pia. Radi za huku hupita kote.

Juzi usiku akanipigia. "Fundi, mvua imeanza, hayaji tena maneno." Nilikuwa naisikia mvua yenyewe kwenye simu. Nyumba yake ina bati, na dari ya sebule haijawekwa. Nikamwambia hiyo si spika, mwalimu, na hakuna wati zitakazoishinda bati. Tukubaliane siku ya kupima dari. Kabla ya hapo, azime na asubiri ipite.