Kuvuta Tani Tatu na Nusu Si Kubeba Tani Tatu na Nusu

Korosho zinapoanza kuanguka katika mashamba ya Tandahimba na Newala, wenye mpango wa kununua gari huanza kulinganisha pikapu, na kauli moja husikika katika kila kijiwe kuanzia Mtwara Mjini hadi Nachingwea: kwamba Hilux fulani, au D-Max fulani, au Ranger fulani, "ni ya tani tatu na nusu". Msemaji mara nyingi humaanisha kwamba gari hilo linaweza kupakiwa mzigo wa tani tatu na nusu. Wakati mwingine humaanisha kwamba linavuta tani tatu na nusu huku bodini likiwa na tani moja nyingine. Maana zote mbili si sahihi, na kosa lenyewe limezoeleka kiasi kwamba hata baadhi ya wauzaji wa magari hulirudia bila kusita.

Uwezo wa kubeba ni uzito ambao springi, ekseli, matairi na chesisi ya gari vinaruhusiwa kuuchukua juu yake, dereva na abiria wakiwa wamehesabiwa humo. Uwezo wa kuvuta ni uzito wa tela pamoja na mzigo wake ambao gari linaruhusiwa kulikokota, kulipandisha mlima na, jambo ambalo husahauliwa zaidi, kulisimamisha. Anayejitwika gunia kichwani na anayelisukuma gunia hilohilo kwa mkokoteni hawachoki viungo vilevile.

Kuhusu kubeba hakuna mengi ya kusema. Pikapu nyingi za kazi zinazopita katika barabara zetu hubeba karibu tani moja, nyingine pungufu kidogo na nyingine zaidi kidogo. Tani moja ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, kabla hata dereva na utingo hawajapanda. Tenki la lita 1,000 likijazwa maji ni tani moja nyingine, na huo ndio mzigo unaowadanganya wengi kwa sababu tenki likiwa tupu mtu mmoja hulinyanyua. Mtu ambaye kazi yake ni kupakia saruji Mtwara na kuishusha Tandahimba hana sababu ya kuuliza uwezo wa kuvuta wa gari lolote. Kwa maoni yangu aachane na pikapu, atafute Canter yenye uwezo wa mzigo huo, na biashara yake itakwenda vizuri zaidi.

Tatizo limo katika namba 3,500 yenyewe, ambayo watu huichukulia kuwa kipimo cha nguvu za injini. Asili yake haimo ndani ya injini. Katika kanuni za Ulaya matela hugawanywa kwa uzito. Yasiyozidi kilo 750 yanaruhusiwa kutembea bila breki zake yenyewe. Yanayozidi hapo mpaka kilo 3,500 ni lazima yawe na breki, lakini zinaweza kuwa za aina rahisi, zile zinazoshika pale gari linapopunguza mwendo na tela likaisukuma shingo yake, yaani mkono unaoliunganisha na gari, kwa mbele. Likizidi kilo 3,500, breki za aina hiyo haziruhusiwi tena, na tela linahitaji mfumo mzito zaidi, kama wa malori. Watengenezaji wengi wa pikapu wamefika kwenye kikomo hicho na kusimama hapo.

Matokeo yake ni kwamba magari yenye nguvu tofauti kabisa yana namba moja. Katika soko la Australia, ambako pikapu hizi huvuta matela makubwa kila siku, Land Cruiser 79 yenye injini ya V8 ya lita 4.5 ilikuwa na msokoto, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, wa nyutonimita 430. D-Max ya lita 3.0 ina 450. Hilux ya lita 2.8 yenye gia za kujibadilisha ina 500. Ranger ya V6 ya lita 3.0 ina 600. Zote nne ziliandikiwa kilo 3,500. Anayezishindanisha kwa namba hiyo anashindanisha wanafunzi ambao wote wamepewa alama moja, kisha anashangaa kwa nini hapati mshindi. Tofauti ya kweli iko mahali pengine, nami nitaifikia, lakini kwanza kuna "tani moja" ya Wamarekani, ambayo imeongeza vurugu.

Vijana wengi hutazama video za Ford F-250, Ram 3500 na Chevrolet Silverado za kazi nzito, na humo husikia zikiitwa pikapu za robo tatu tani au za tani moja. Wakisikia hivyo hufikiri kwamba ziko daraja moja na Hilux, au hata chini yake. Majina hayo ni ya kihistoria. Ford ilianza mfululizo wake wa F mwaka 1948 kwa magari yaliyoitwa F-1, F-2, F-3 na kuendelea, na mwaka 1953 majina yakawa F-100, F-250 na F-350. Zamani hizo, nusu tani, robo tatu na tani moja zilikuwa makadirio ya uwezo wa kubeba. Magari yakaongezeka nguvu mwaka hadi mwaka, majina yakabaki. Aidha, tani ya Marekani ni ratili 2,000, yaani kilo 907, kwa hiyo hata tani yenyewe si hii yetu ya kilo 1,000. Ram 3500 yenye injini ya Cummins ya lita 6.7, ambayo kwa jina la kizamani ni pikapu ya tani moja, imeandikiwa kuvuta zaidi ya tani 15 inapokuwa na matairi mawili kila upande wa ekseli ya nyuma na tela lake limefungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli hiyo, wala si nyuma ya bampa. Kuisikia ikiitwa ya tani moja na kuilinganisha na pikapu yetu ya tani moja ni kulinganisha majina tu.

Wamarekani nao walikuwa na ugomvi wao. Kwa miaka mingi kila kampuni ilijitangazia uwezo wa kuvuta kwa kipimo chake yenyewe, hadi chama chao cha wahandisi wa magari kilipotoa kipimo cha pamoja kinachojulikana kama J2807. Toyota ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukifuata, kwa Tundra ya mwaka 2011, na wengine wakaja baadaye. Kipimo hicho hulitaka gari na tela lake lililojaa lipande mteremko mrefu wa Davis Dam huko Arizona katika joto kali, kipoza hewa kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, bila kushuka chini ya mwendo uliowekwa. Na tena liweze kuondoka kutoka kusimama juu ya mlima wa asilimia 12, mbele na kinyumenyume, mara tano kila upande ndani ya dakika tano. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha uwezo wa kuvuta ni kitu gani hasa. Radieta, klachi au giaboksi, breki, chesisi na utulivu wa gari barabarani vyote hupimwa pamoja, na kimoja kikishindwa namba hushuka, hata kama injini bado ina pumzi.

Sasa turudi kwenye tofauti ya kweli. Kila pikapu ina kikomo cha uzito wa jumla wa gari, ambacho vitabu vya gari hukiandika kwa herufi GVM, na kikomo cha uzito wa jumla wa gari pamoja na tela, ambacho ni GCM. Hiki cha pili ndicho ambacho hakitajwi vijiweni, nacho ndicho kinachotofautisha pikapu moja na nyingine. Chukulia pikapu yenye uzito mtupu wa kilo 2,100, uzito wa jumla wa kilo 3,000, na uzito wa jumla pamoja na tela wa kilo 5,850. Ni mfano wa hesabu, lakini hauko mbali na pikapu nyingi za dabo kebini. Uwezo wake wa kubeba ni kilo 900. Uwezo wake wa kuvuta umeandikwa 3,500. Ukiifunga tela la kilo 3,500, gari tupu na tela vimeshafika kilo 5,600, na zimebaki kilo 250 tu za kila kitu kingine: dereva, utingo, mwenye mzigo aliyeng'ang'ania kusafiri na mali yake, tairi la akiba la pili, jeki na dumu la dizeli. Bodi lazima liwe karibu tupu. Zile kilo 900 zimekwenda, kwa sababu kuvuta na kubeba huchota katika mfuko mmoja. Ukiamua kinyume chake, ukajaza gari hadi kilo 3,000, tela lisizidi kilo 2,850. Anayetangaza kwamba pikapu yake inavuta tatu na nusu na kubeba moja kwa wakati mmoja amejumlisha namba mbili ambazo mtengenezaji hakuruhusu zijumlishwe.

Tena, kilo 3,500 zinahusu tela na mzigo kwa pamoja. Tela la chuma lenye kilo 700 linaacha nafasi ya kilo 2,800, yaani mifuko 56 ya saruji na si 70.

Kisha kuna uzito unaoangukia shingo. Tela la kawaida linalofungwa nyuma ya bampa hupaswa kuegemeza juu ya gari kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake, au zaidi kidogo. Kwa tela la kilo 3,500 hiyo ni kilo 350 zinazokaa nyuma kabisa ya ekseli, nazo huhesabiwa katika uwezo wa kubeba. Wapakiaji wetu huwa na tabia ya kurudisha mzigo nyuma ya tela ili "kumpunguzia gari", na dereva hufurahi kuona pikapu imenyanyuka. Tela lililoegemea nyuma huanza kuyumba mwendo unapoongezeka, na kwenye barabara iliyonyooka kama ile ya kutoka Nangurukuru kuja Lindi, ambako mguu husahaulika kwenye mafuta, tela linaloyumba huanza kuliongoza gari.

Linalonikera zaidi, hata hivyo, ni breki. Matela mengi tunayoyaona yakivuta boti pale Mikindani, au jenereta, au matenki ya maji kwenye vijiji vya uwanda wa Makonde, yamechomelewa na mafundi wa hapa hapa kwa ekseli iliyotolewa kwenye gari lililokufa. Kazi ya uchomeleaji mara nyingi ni nzuri na imara. Lakini chungulia nyuma ya rimu: habu ipo, na pengine hata ngoma ya breki ipo, ila hakuna bomba la mafuta ya breki wala waya wowote unaotoka pale kwenda kwenye shingo. Tela hilo halina breki, na kwa tela lisilo na breki zile pikapu nne za soko la Australia nilizozilinganisha hapo juu zina namba nyingine kabisa, kilo 750, tela lenyewe likiwa ndani yake. Tenki la lita 1,000 lililojaa limeshapita kikomo hicho kabla hujahesabu chuma. Ranger ya nyutonimita 600 italivuta tela la namna hiyo bila kuhangaika kutoka Masasi mpaka Newala, na mwenye gari atasema, "Si unaona?" Kupanda siko tatizo. Kurudi chini kuelekea Masasi ndiko ambako tani mbili zisizo na breki husukuma gari lenye breki zilizotengenezwa kwa ajili ya uzito wake lenyewe.

Jambo la mwisho ni mkanganyiko ambao si kosa la wauzaji. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari nayo inaitaja kilo 3,500, kuwa ndipo magari yanapoanza kuwajibika kupita mizani. Hapo inazungumziwa chuma, watu na mzigo kwa pamoja, na kufanana kwake na namba ya kuvuta hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kupakia tani tatu na nusu bodini. Kadi ya gari nayo huwachanganya watu vivyo hivyo, maana mtu husoma uzito wa jumla akadhani ni uzito wa mzigo.

Kwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya, jibu limebandikwa kwenye gari lenyewe. Kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti kuna bamba dogo lenye namba nne za kilo zilizopangwa kwa mistari: ya kwanza ni uzito wa jumla wa gari, ya pili ni uzito wa jumla pamoja na tela, na mbili za chini ni za ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukitoa ya kwanza kutoka kwenye ya pili, umepata tela ambalo pikapu hiyo inaweza kulivuta ikiwa imejaa, na hiyo ndiyo namba inayofaa kushindanisha Hilux na D-Max. Muuzaji akisema pikapu yake ni ya tani tatu na nusu, hakuna haja ya kubishana naye. Aombwe tu afungue mlango, zisomwe namba mbili za juu, kisha aulizwe tela analolizungumzia lina breki za namna gani.