Dhamana si faini

Dhamana ni neno la asili ya Kiarabu, lenye mzizi wa kubeba jukumu la jambo au la mtu. Kutoka hapo Kiswahili kina dhamini, mdhamini na udhamini. Kiini chake ni mtu anayesimama nyuma ya mwenzake. Pesa ni njia moja tu ya kusimama. Nalisisitiza hili kwa sababu familia nyingi hutoka kortini hapa Kisumu zikiamini kwamba zikishalipa, kesi imekwisha. Faini hutozwa aliyepatikana na hatia, na hairudi. Dhamana huwekewa mtu ambaye bado hana hatia, na hurudishwa kesi ikiisha, mradi amehudhuria.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito. Kosa la faini tu, au la kifungo kisichozidi miezi 6, halimpeleki mtu rumande. Na ukitoa pesa za dhamana kituo cha polisi, dai risiti; bila risiti, huenda umetoa hongo.

Ukiweka pesa taslimu, risiti iandikwe jina la mwenye pesa, maana ndiye atakayerudishiwa. Itunze hadi mwisho wa kesi.

Bondi ya mdhamini ndiyo yenye kazi. Hapo huweki pesa. Unaahidi kulipa kiasi kilichotajwa mshtakiwa akitoroka. Kwa kawaida utaitishwa kitambulisho, PIN ya KRA (nambari ya mlipa ushuru), picha za pasipoti, na hati ya shamba au logibuku (hati ya umiliki) ya gari, pamoja na ripoti ya thamani. Wengi kutoka Vihiga, Siaya na Kakamega hukwama kwenye hati: bado ina jina la babu aliyefariki, kesi ya urithi haijafanywa, na shamba linakataliwa hata kama umelilima miaka yote. Pitia ofisi ya ardhi mapema upate cheti kinachoonyesha mmiliki, na kama kuna mkopo wa benki juu ya shamba hilo.

Mshtakiwa asipofika, hakimu hutoa waranti ya kumkamata, nawe unaitwa ueleze kwa nini usilipe. Usipokuwa na sababu ya kutosha, mali yako inaweza kukamatwa na kuuzwa. Kwa hiyo akianza kuzima simu, usingoje: mdhamini anaruhusiwa kuiomba korti imtoe kwenye udhamini, na mshtakiwa ataletwa atafute mwingine.