Mzee amevunjika mgongo, miguu haina nguvu: maswali ya familia anaporudi nyumbani

Kigoma kuna wanaoanguka kutoka kwenye michikichi wakikata mikungu, na kuna wanaoumia kwa bodaboda. Mgonjwa akiruhusiwa kutoka Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, au akirudi kutoka hospitali ya Bugando, Mwanza, alikopewa rufaa, kazi kubwa inahamia kwa wanawe. Kinachomdhuru mzee akiwa nyumbani mara nyingi si ule mfupa uliovunjika. Ni ngozi, mkojo na choo, na hayo familia inayaweza.

Je, baba atatembea tena?

Inategemea mishipa ya fahamu iliyo ndani ya pingili imeumia kiasi gani. Mwulizeni daktari: jeraha ni kamili (hisia na amri zimekatika kabisa) au si kamili? Anayehisi akiguswa sehemu ya haja kubwa, au anayeweza kuibana mwenyewe, ana matumaini makubwa kuliko asiyehisi kitu. Nafuu nyingi huja ndani ya mwaka wa kwanza, hasa miezi 6 ya mwanzo. Miguu ikianza kurukaruka au kukaza yenyewe, msidhani ndiyo amepona, wala msimtafute mchawi. Ni misuli inayojikaza bila amri ya ubongo. Hali hiyo ikizidi ghafla, tafuteni chanzo: kidonda, kibofu kilichojaa, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), au ukucha ulioingia nyamani.

Kwa nini tumgeuze kila baada ya saa mbili, hata usiku?

Kwa sababu haumii. Mtu mwenye hisia hujigeuza usingizini bila kujua. Baba hapati taarifa hiyo. Mfupa unaibana ngozi juu ya godoro, damu haipiti, nyama inakufa. Mara nyingi inaanza kufa ndani, kwa hiyo kidonda kinachoonekana juu ni kidogo kuliko kilichopo chini.

Ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto, kisha mnaanza tena. Akiwa ubavuni asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Aegemee nyuma kidogo, kama nyuzi 30, mto ukiwa mgongoni. Wekeni mto mwingine katikati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Mgeuzeni watu wawili kwa kumnyanyua na shuka. Kumburuta kunachuna ngozi.

Asubuhi na jioni mkagueni penye mwanga: juu ya matako, makalio, nyonga, visigino, vifundo, viwiko. Kwenye ngozi nyeusi msisubiri wekundu. Tafuteni mahali palipozidi weusi, pagumu, au penye joto kuliko pembeni yake. Mkipaona, asipalalie kabisa hadi ngozi irudi ilivyokuwa. Msipasugue kwa mawese wala kwa dawa yoyote, maana nyama iliyokosa damu huharibika zaidi ikisuguliwa. Wala msimkalishe juu ya ngata ya kitenge. Ile duara inabana damu pande zote. Ngozi ikishapasuka, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kwenye kiti cha magurudumu atumie sponji nzito, unene wa sentimita 8 hadi 10, na ibadilishwe ikishabonyea. Kila nusu saa ainame mbele, kifua kielekee mapajani, kwa dakika 2, mtu akimshika asianguke. Ila kama alifanyiwa upasuaji au amevaa mkanda wa mgongo, daktari aseme kwanza lini anaruhusiwa kuinama.

Tunaweza kumkanda kwa maji ya moto?

Hapana. Sehemu isiyohisi huungua bila yeye kujua, na kidonda cha moto hapo hupona polepole sana. Hata maji ya kuoga yapimwe na mtu mwenye hisia, na jiko la mkaa likae mbali na miguu yake. Kinachomfaa ni kunyooshwa viungo: kifundo, goti, nyonga na vidole, kila kimoja mara 10 taratibu, asubuhi na jioni. Mwombeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo awaonyeshe kabla hajaruhusiwa. Nyayo zisimame wima anapolala chali, la sivyo vifundo hukakamaa vikielekea chini na baadaye miguu haikai vizuri kwenye kiti.

Mkojo je?

Kama ana mpira wa kudumu, yaani unaokaa ndani ya kibofu muda wote, mfuko wa mkojo ukae chini ya kibofu lakini usiguse sakafu, na mpira usijikunje wala asiulalie. Anywe lita 2 hadi 3 kwa siku, ila kama daktari amempunguzia maji. Mpira wa kawaida hubadilishwa kila wiki 2 hadi 4. Mkiusahau, chumvichumvi za mkojo huuziba.

Mikono yake ikiwa na nguvu, ombeni afundishwe kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira unaoingizwa na kutolewa, kila baada ya saa 4 hadi 6. Maambukizi hupungua, na heshima yake inabaki kwake. Kila safari mkojo usizidi mililita 500. Ukizidi, apunguze nafasi kati ya safari moja na nyingine.

Na choo?

Saa ile ile kila siku, au siku moja baada ya nyingine, kama nusu saa baada ya kula, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo huamka. Alale ubavu wa kushoto. Muuguzi awafundishe kuchochea au kutoa kwa kidole chenye glavu na jeli, maana njia hutegemea pingili iliyoumia. Siku 3 bila choo ni nyingi mno.

Ghafla kichwa kinamgonga, uso unatoka jasho. Ni malaria?

Kama ameumia kifuani juu, usawa wa chuchu hivi, au shingoni, fikirieni presha iliyopanda kwa kasi. Inaweza kuua. Mketisheni wima mara moja, miguu ining'inie, legezeni nguo na mkanda. Angalieni mpira: umejikunja? Mfuko umejaa? Kama hana mpira, mtoeni mkojo. Isipotulia ndani ya dakika chache, hospitali, akiwa ameketi njia nzima.

Nani amwogeshe baba?

Mwulizeni yeye, faraghani, kabla ndugu hawajagawana zamu. Wazee wengi hawakubali binti, sembuse mkwe, kuona utupu wao. Humkubali mke, kaka au mjukuu wa kiume. Mkimlazimisha ataacha kunywa maji ili asisumbue, na hapo UTI inaingia. Mambo ya shamba na mahari pia aendelee kuulizwa, mgongo haujagusa akili yake.

Kizingiti cha mlango kinazuia kiti.

Jengeni mteremko. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu: kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Ukiwa mfupi zaidi, kiti hubinukia nyuma anapopanda. Sakafu yake iwe ya kukwaruza, isiteleze wakati wa mvua, na pembeni muweke kingo ili gurudumu lisitoke.