Kushirikisha wanafunzi sio kuwawekea video

Juzi kwenye kikao cha walimu hapa Moshi mwenzetu mmoja alisimama akasema vipindi vyake siku hizi ni shirikishi kwa sababu anaweka klipu za dakika tano tano, watu wakapiga makofi. Mwaka huu nimelisikia hilo neno likitumika hivyo mpaka nimechoka, kwenye semina, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kwenye andalio la somo unakuta mtu kaandika "wanafunzi watashirikishwa kwa kuangalia video". Basi leo ngoja niandike.

Kushirikisha ni kumpa mtu fungu lake kwenye jambo, alifanye na yeye. Darasani maana yake mwanafunzi anapewa sehemu ya kazi ya kufikiri. Klipu ni kipande kifupi cha video, hiyo kila mtu anaijua.

Sasa shiriki. Mzizi wake ni wa Kiarabu na unabeba maana ya kuwa na fungu pamoja na mwenzako, na sisi wa Kilimanjaro tungepaswa kuwa wa mwisho kulikosea hili neno maana tumekua nalo. Ushirika tunao tangu enzi za wazee, KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kilianzishwa 1933, na babu yangu kule Kibosho alikuwa mwanaushirika kwa sababu moja tu, alishusha kahawa yake ya maganda kutoka kihambani, shamba la nyumbani, ikawekwa kwenye mizani, karani akaandika kilo mbele ya jina lake. Jirani aliyekuja kuangalia watu wakipima, hata akae asubuhi nzima na afurahi vipi, hakuna aliyemwita mwanaushirika. Nenda kanisani kwa Walutheri, kanisa la mahali pamoja na waumini wake linaitwa usharika, mzizi huohuo, na anayeshiriki Meza ya Bwana ni yule aliyetoka kwenye benchi akaenda mbele akala na kunywa. Aliyebaki amekaa alikuwepo ibadani, ila hajashiriki. Na ndugu zetu Waislamu wanajua uzito wake kuliko sisi wote, kwao kumshirikisha Mwenyezi Mungu ni kumpa kiumbe fungu ambalo ni lake Mungu peke yake. Kote huko neno linadai fungu, kuwepo na kutazama havitoshi.

Kinachofanywa na klipu peke yake kina jina lake zuri kabisa, ni kuchangamsha. Kipindi cha saa nane mchana, watoto wameshiba makande, bati linawaka jua, unawasha projekta na darasa zima linaamka. Hilo ni jambo jema na mimi nalifanya, mtoto aliyesinzia hawezi kujifunza. Lakini aliyechangamka bado hajaleta kilo yake kwenye mizani.

Watu hunijibu kwa ule utafiti wa dakika sita. Ni wa 2014, wa Philip Guo na wenzake, waliangalia matukio milioni 6.9 ya watu kutazama video za kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, wakaona urefu wa dakika sita hivi ndio watu wanaovumilia. Sawa, ila kilichopimwa ni muda mtu anaokaa kabla hajaondoka, na kama alijaribu swali linalofuata. Mwanafunzi wako wa Kidato cha Tatu hana pa kuondokea, mlango uko nyuma yako, atakaa hizo dakika sita huku akili iko kwenye mpira.

Kwenye somo la volkano mimi nina klipu ya kama dakika mbili ya Ol Doinyo Lengai, ule mlima wa volkano wa kaskazini mwa Tanzania. Kabla sijaiwasha kila mtu anaandika kwenye daftari lava itakuwa rangi gani. Karibu wote wanaandika nyekundu. Nawasha, inatoka nyeusi, nyepesi, inatiririka kama oili chafu ya gari, nasimamisha hapohapo na kelele inakuwa kubwa. Nawaambia joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi, nusu tu ya lava ya kawaida, na ikikaa hewani ikapata unyevu inageuka nyeupe, haya niambieni kwanini, wanabishana wawili wawili mpaka mmoja anafika kwenye kaboneti, zile chumvi za jamii ya magadi zilizomo kwenye lava hiyo, na magadi ya Ziwa Natron pale chini. Video imechukua dakika mbili, hiyo kazi nyingine imekula ishirini na tano kati ya arobaini za kipindi.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, klipu zako endelea nazo, ni nzuri. Ila kwenye andalio, pale ulipoandika "watashirikishwa kwa kuangalia video", weka "watachangamshwa", halafu mstari wa chini yake andika watafanya nini ukishabonyeza kitufe cha kusimamisha.